Ijumaa za Kupiga Pasi

Kila Ijumaa mchana, watoto wakishatimua vumbi kuelekea kwao, walimu wa shule ile walifunga mlango wa chumba chao, wakavuta viti, wakaanza kupiga pasi. Usitafute nguo hapo. Neno hilo alilizua mwalimu wa darasa la nne, mtu wa masihara ambaye hata msibani lazima amvunje mtu mbavu, na wenzake walilipokea kwa mikono miwili kwa sababu jina halisi la kazi ile lilikuwa halitamkiki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila darasa lilikuwa limepewa vishikwambi thelathini vya kujifunzia kusoma. Mtoto aligusa picha yake, huyu kikombe, yule baiskeli, somo likafunguka. Sauti ya mwanamke mpole ilimsomea hadithi, naye akaifuata, kisha akaulizwa maneno na kuyabonyeza. Akimaliza masomo ya wiki, kisanduku chake kiligeuka kijani. Asipomaliza kilibaki chekundu. Ijumaa hiyohiyo mwalimu mkuu aliviweka vishikwambi vyote kwenye dirisha la ofisi yake, mahali pekee mtandao ulipokubali kukaa, takwimu zikaenda ofisi ya elimu. Jumatatu karatasi yenye rangi za kila darasa ilibandikwa ukutani juu ya birika la chai, kila mtu aione anapojimiminia.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Watoto sitini na wanane, vishikwambi thelathini, kumi na kimoja havikai na chaji, na fundi wa kuchomelea wa jirani akiwasha mashine yake, umeme unakwenda mtaa mzima. Nani angemaliza? Ndiyo maana, kabla vishikwambi havijakwenda dirishani, mwalimu aligusa picha ya kila mtoto mwenye wekundu na kumbonyezea majibu kwa vidole vyake mwenyewe, mpaka mikunjo yote inyooke. Kwa saa mbili Ijumaa, walimu wazima, wengine wajukuu wanao, walikaa wakijibu maswali ya darasa la kwanza. Mara mojamoja wakayakosa.

Mwalimu wa darasa la tatu hakupiga pasi. Walimwita Bi Chaki, maana kutwa nzima vidole vyake vilikuwa vyeupe na sketi yake nyeusi haikukosa alama ya kiganja. Vishikwambi hakuvichukia, tusimsingizie. Sauti ile ya mwanamke haikuchoka wala haikupandwa na hasira saa sita mchana, jambo ambalo Bi Chaki hakuweza kulisema kuhusu sauti yake mwenyewe. Watoro watatu walirudi shuleni kwa ajili ya sauti hiyo. Alichokataa ni uongo, na alikataa kwa kiburi kidogo, kama walivyo watu wakweli wengi. Kwa hiyo kila Jumatatu darasa lake lilining'inia juu ya birika likiwa limejaa wekundu, naye akanywa chai yake akilitazama bila kupepesa macho.

Katika wekundu huo walikuwemo watoto saba ambao hawakuweza kusoma hata neno moja, na wa kwanza kati yao alikuwa Chiriku. Mama yake hakuwepo tena duniani. Baba yake alikuwa fundi viatu mwenye kibanda nyuma ya shule. Jina la Chiriku alipewa na darasa zima kwa sababu mdomo wake haukujua likizo: angekueleza alichoota, alichokula paka wao, aliyegombana na nani bombani, yote kabla hujaitikia salamu. Alikuwa na miaka tisa na akili ya kuwasha moto. Lakini akiletewa maandishi, kitu kilimpotea. Herufi zilimgeukia, zikabadilishana nafasi, na neno refu lilimponyoka katikati kama samaki wa kwenye beseni.

Bi Chaki alimkata kipande cha karatasi ngumu, akakitoboa kidirisha cha kutosha silabi moja, akawa anakaa naye wakati wa mapumziko wenzake wakicheza. Ma. Me. Mi. Katika muhula mzima Chiriku alikuwa amepata silabi ishirini na tatu, na kila iliyoingia alishangilia kama mtu aliyezaa. Alihitaji mtu wa kukaa naye hivyo kila siku, peke yake, mtu aliyesomea kazi hiyo. Bi Chaki hakuisomea, na alikuwa na wengine sitini na saba. Aliandika barua mbili ofisi ya elimu kuomba msaada wa watoto wake saba. Hata ya kumwambia imepokelewa hakuletewa. Na mwaka ukiisha Chiriku angepanda darasa la nne, na darasa la nne hakuna anayekufundisha ma, me, mi.

Mwezi wa mwisho wa muhula, mwalimu mkuu alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Dada yangu," alisema, maana akitaka jambo gumu alianza na udugu, "nimesikia tetesi. Madarasa yenye wekundu yananyang'anywa vishikwambi, vinapelekwa kwa wanaovitumia."

"Sisi tunavitumia. Ndiyo maana tuna wekundu."

"Hilo niambie mimi. Karatasi haikusikii." Alijifuta uso. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Ijumaa nne tu. Kisha uendelee na ukweli wako."

Bi Chaki alitoka pale akiwa amekunja uso, na njia nzima ya kurudi darasani alikuwa na jibu la hapana. Alipofika mlangoni alimkuta Chiriku ameshika kishikwambi sikioni, macho ameyafumba, midomo inakwenda pamoja na ile sauti, uso umetulia kama wa mtu anayepakwa mafuta kichwani. Akawaza: nikimnyang'anya na hiki, atabaki na nini? Hapana yake ikayeyuka hapohapo.

Ijumaa nne alipiga pasi pamoja na wenzake. Walimpisha kiti, mwalimu wa darasa la nne akamkaribisha kama bibi harusi. Kila mara Bi Chaki alimweka Chiriku mwisho. Picha yake ilikuwa kipande cha tikiti. Bi Chaki aliigusa, akajibu maswali kumi, kumi mengine, na mengine, na kila mwisho wa kumi nyota zilirukaruka kwenye kioo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Jumatatu ya mwisho karatasi ilibandikwa shule nzima ikiwa kijani kama shamba, na walimu wakagonga vikombe kwa vijiko.

Likizo ikaisha. Siku ya tatu ya muhula mpya mwalimu mkuu aliingia chumbani na waraka mkononi, akausoma kwa sauti, na kadiri alivyoendelea sauti ikawa inapungua.

Wamepatikana walimu maalumu wa kufundisha kusoma watoto walioachwa nyuma. Kila mmoja atachukua watoto kumi na wawili wa darasa la kwanza hadi la tatu, atakaa nao kila siku kwa mwaka mzima. Wamepelekwa shule zilizoonyesha wekundu mwingi zaidi mwezi wa mwisho wa muhula. Shule ya upande wa pili wa barabara kuu, ambayo haikuwa na umeme hata wa kupigia pasi, imepata wawili. Kwenye orodha, shule yao haikuwemo.

Hakuna aliyecheka, hata mwalimu wa darasa la nne. Bi Chaki alikaa ameshika kikombe mpaka chai ikapoa. Kumbe wekundu ule ulikuwa unaita mtu. Lakini nani angejua? Katika miaka ishirini na sita ya kazi, kosa likionekana alikuja mkaguzi, ikaja karipio, ikaja barua ya kutaka maelezo. Msaada haukuwahi kuja kwa kuitwa na kosa. Hakuna mwalimu pale ambaye jambo hilo lingemjia hata ndotoni, basi wote wakafanya walichozoea kufanya: wakaficha.

"Tuandike," Bi Chaki alimwambia mwalimu mkuu wenzao walipotoka. "Tuseme ukweli. Tuseme kijani kile ni chetu, si cha watoto."

"Shule nzima? Walimu kumi na wanne? Unataka tumwage unga wote?"

"Basi niandike la darasa langu."

"Ukiandika la kwako, ya mengine wataniuliza mimi." Aliuangalia mlango. "Mimi sikukusikia, dada yangu. Lakini ukitaka ruhusa ya kwenda ofisi ya elimu kwa shughuli zako, kesho nenda."

Bi Chaki alipiga moyo konde. Maneno yake matupu yasingemfikisha popote, hilo alilijua: barua zake mbili zilikuwa maneno pia. Aliamua kumpeleka mtoto mwenyewe. Wamsikie kwa masikio yao, mambo yaishe.

Jioni alipita kwa fundi viatu kuomba ruhusa. Alimkuta ameinamia soli, misumari midogo imejipanga kati ya midomo yake. Fundi aliitoa, akasimama kwa heshima.

"Ofisi ya elimu? Huyu wangu?"

"Wanataka kumsikia anavyosoma," alisema Bi Chaki. Alikuwa amekusudia kuendelea, kueleza lililobaki. Lakini fundi alikuwa ameshageuka nyuma, anaita jirani wa kibanda cha pili aje asikie, katika shule nzima amechaguliwa mwanawe.

"Yaani mimi nilijua tu, mwalimu! Hapa ananisomea kurasa na kurasa. Mimi shule niliishia mlangoni, lakini mtoto huyu!" Akaanza hapohapo kutafuta rangi ya viatu vya binti yake. Bi Chaki aliaga. Alijiambia atamweleza kesho, wakirudi na jambo mkononi.

Ofisi ya elimu ilikuwa ghorofa ya pili, chumba chenye madawati mawili na mafaili yaliyopandana hadi dirishani. Kijana wa takwimu aliinuka walipoingia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa, akamkalisha Chiriku kando yake, akaeleza kila kitu bila kujihurumia: Ijumaa nne, vidole vyake, watoto saba. Kijana alisikiliza, akafungua kompyuta, akatafuta kipande cha tikiti.

"Huyu? Mwalimu, huyu yuko ngazi ya nne. Huyu anasoma kuliko mtoto wangu."

"Nipe kishikwambi. Zima sauti. Msikilize."

Ikafunguliwa hadithi ya ngazi ya nne, ya paka aliyeingia kwa fundi cherehani. Chiriku alijiweka sawa kitini, akaweka kidole kwenye kioo, akaanza. Akasoma kichwa cha habari. Akasoma ukurasa wa kwanza, na wa pili, akafunua mwenyewe, akatua kwenye nukta, akapandisha sauti penye swali, akamwigiza fundi cherehani alivyomfokea paka. Hakukwama hata mara moja. Kijana alipiga makofi.

Bi Chaki alijua kilichotokea, na alijilaumu kwa kutokijua mapema. Siku zote zile Chiriku na ile sauti sikioni! Mtoto asiyeweza kulishika neno kwa macho alikuwa amezishika hadithi zote kwa masikio, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na pumzi za yule mwanamke. Na kidole kilikwenda vizuri tu, ila kilikuwa mstari mmoja nyuma.

Angeweza kunyamaza. Mtoto alikuwa anamtazama, macho yanang'aa, anasubiri neno lake. Lakini nafasi ilikuwa hii tu.

"Endelea, mama," alisema, akaweka kiganja chake juu ya kioo, akayafunika maandishi yote.

Chiriku hakusita. Paka akaruka juu ya meza, nyuzi zikatawanyika, fundi akaanguka chali. Alisoma juu ya mkono wa mwalimu wake kana kwamba mkono haupo. Kijana aliacha kutabasamu.

Bi Chaki aliondoa kiganja, akaonyesha neno moja la katikati. "Hili peke yake. Ni neno gani?"

Chiriku alilitazama. Midomo yake ikaanza kurudi nyuma, mwanzo wa hadithi, ikilitafuta. Haikulikuta.

"Hili je? Hili fupi?"

"Pa..." Akamwangalia mwalimu usoni, kama jibu lingeandikwa pale. "Pa..." Kisha akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Chaki amfahamu, hakuwa na la kusema.

"Nimeona," alisema kijana kwa upole. "Nimeamini, mwalimu. Inatosha, usimtese."

Bi Chaki alihisi kama mtu aliyetua mzigo. "Basi mwingize. Kumi na wawili, mfanye wa kumi na tatu. Nitamvusha barabara mwenyewe kila asubuhi."

Kijana alisugua macho. "Walimu walishaanza Jumatatu. Orodha inafuata takwimu, na takwimu za muhula uliofungwa hazifunguki. Siwezi mimi, hawezi na mkubwa wangu. Na hata angeweza..." Alipunguza sauti. "Kijani chenu tumekipeleka juu. Mkubwa wangu amepongezwa kwa ajili yake, mimi pia nimepongezwa. Nani atapanda kule akaseme haikuwa kweli?"

"Orodha nyingine lini?"

"Mwakani. Lakini ni hadi darasa la tatu tu. Huyu atakuwa ameshavuka."

Chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi bila sababu.

"Nipe karatasi," alisema Bi Chaki.

Aliandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wake wa ubaoni, akataja darasa lake, Ijumaa zake nne na watoto wake saba, akatia saini. Kijana aliusoma, akaukunja, akaushika bila kujua auweke wapi.

"Barua nitaipokea, mwalimu. Lakini nikwambie ukweli kama ningemwambia mama yangu. Hii itakuponza wewe, mtoto haitamsaidia kitu. Umebakiza miaka mingapi kustaafu?"

"Minne. Ipokee."

Akaigonga muhuri, akaiweka kwenye lundo la mafaili dirishani, ya pili kutoka juu. Mchana huohuo, Bi Chaki aliwaza, itakuwa ya tano.

Walirudi kwa miguu. Njia nzima Bi Chaki alisubiri maneno yaanze, ya paka, ya bombani, ya lolote. Chiriku alitembea kimya, kidogo nyuma yake. Walipofika kwenye ukuta wa shule akauliza:

"Mwalimu, kwani kusoma si vile ninavyosoma mimi?"

Bi Chaki alisimama. Hakuwahi kumdanganya mtoto usoni. "Si vile, mwanangu."

"Kwa hiyo sijui."

"Hujui bado."

Mtoto alilipokea hilo kama dawa chungu, akalimeza, akabaki ametulia. Jana yake alikuwa msomaji. Alikuwa ameamka asubuhi akiwa msomaji, akavalishwa viatu vinavyong'aa, na Bi Chaki ndiye aliyempandisha ngazi zile akamvua usomaji wake mbele ya mtu baki, na mkononi asimwachie kitu. Alitaka kumwomba msamaha. Hakujua mtoto anaombwaje msamaha wa namna hiyo.

"Mwalimu."

"Naam."

"Usimwambie baba."

"Chiriku, baba yako akijua anaweza..." Akaishia hapo. Anaweza nini? Mtu aliyeishia mlangoni mwa shule, peke yake na mtoto, gundi na misumari tangu alfajiri. Nani alikuwa amebaki wa kuweza?

"Usimwambie. Tafadhali." Alikuwa ameshika upindo wa sketi nyeusi, na alikuwa analia bila sauti, kama watu wazima wanavyolia.

"Sitamwambia."

Fundi viatu aliwaona kutoka mbali. Alikuwa amesimama nje ya kibanda, na jirani yake amesimama naye, wote wawili wamesubiri tangu asubuhi. Chiriku alijifuta uso kwa mkono, haraka, akajipanga tabasamu.

"Haya, mwalimu, leteni habari!" aliita fundi, maneno yakimtoka nusunusu kwa sababu ya misumari. "Amesomaje mtoto wangu?"

Bi Chaki alimtazama, kisha akamtazama binti yake.

"Amesoma hadithi nzima," alisema. "Hakukwama hata mara moja. Mpaka wakampigia makofi."

Fundi akatema misumari yote kiganjani, apate kucheka vizuri.